Pasipoti Haianzi Kwenye Kompyuta: Somo Kutoka Kitui na Makueni

Kuna swali ambalo naulizwa kila mara, barazani na kwenye simu: ikiwa shughuli za uhamiaji zimepelekwa mtandaoni, mbona watu bado wanasumbuka? Mwenye nia ya Umra anakaribia kukosa ndege. Kijana aliyepata kazi Doha kila akiuliza anaambiwa faili yake inashughulikiwa. Mama aliyelipa kila kitu kwa simu bado anatumwa arudi nyumbani akalete karatasi. Leo nataka kulijibu swali hilo kwa utaratibu, na nitalijibu kwa kuwatoa nje kidogo ya Pwani, niwafikishe Kitui na Makueni.

Nimezichagua kaunti hizi mbili kwa makusudi. Kwanza ni majirani zetu. Kitui inapakana na Tana River na Taita Taveta, na Makueni inapakana na Taita Taveta. Ukipanda treni ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi, ile inayosimama njiani, utapita Mtito Andei, Kibwezi na Emali, na kote huko ni Makueni. Wakamba nao wametushukia tangu zama za misafara ya pembe za ndovu, wakaweka makazi hadi Rabai, Mariakani na Kinango. Pili, na hili ndilo kubwa, hakuna kati ya kaunti hizo iliyopakana na nchi ya kigeni wala iliyo na bandari. Sisi wa Pwani tukilalamika juu ya vitambulisho na pasipoti, tunajibiwa kwamba tuko mpakani, kwamba kuna Wasomali, Watanzania, Wapemba na wengineo, kwa hivyo lazima serikali iwe macho. Haya, twende mahali pasipokuwa na mpaka, tuone kama mambo yamenyooka.

Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Diploma yangu ni ya utunzaji wa kumbukumbu, na kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kupanga faili kwenye rafu na kuzitafuta zinapopotea. Kwa hivyo jambo hili nalitazama kwa jicho la mtu wa faili.

Ni nini hasa kilichobadilika

Zamani ombi la pasipoti lilikuwa bahasha ya karatasi. Ilitoka mkononi mwako, ikaingia kwa karani, ikapelekwa kwa afisa, kisha kwa mkubwa wake, kisha ikasubiri sahihi. Faili ya karatasi ina tabia mbili mbaya. Mtu mmoja tu ndiye anayeweza kuisoma kwa wakati mmoja, na hakuna anayejua iko wapi ila aliyeishika. Hapo ndipo walipozaliwa mawakala wa nje ya Nyayo House. Kilichokuwa kikiuzwa pale kilikuwa habari: faili iko meza gani, na nani wa kuisukuma.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Tovuti ya eCitizen ilianza mwaka 2014. Mwaka 2015 wageni wakaanza kuomba viza kwa mtandao. Mwaka 2017 ikaja pasipoti mpya ya kielektroniki yenye kibati kidogo kinachobeba picha na taarifa za mwenyewe, na zile za zamani zikaondolewa kabisa mwishoni mwa Novemba 2022. Mwaka 2023 malipo ya huduma za serikali yakaunganishwa kwenye nambari moja, 222222. Kuanzia Januari 2024 viza ikafutwa kwa wageni, mahali pake ikawekwa idhini ya kusafiri inayoombwa mtandaoni kabla ya mtu kupanda ndege, na majirani zetu wa Afrika Mashariki wakasamehewa.

Faili ikishakuwa ndani ya kompyuta, tabia zake hubadilika. Inapewa nambari. Kila anayeigusa anaacha alama ya saa na jina lake. Watu watatu wanaweza kuisoma pamoja, mmoja akiwa Nairobi na mwingine Mombasa. Mwenye ombi anaweza kuingia akaona imefika hatua gani, bila kumpa mtu chochote. Haya ni maendeleo ya kweli, na anayeyabeza hakuwahi kulala Nairobi siku tatu akisubiri kuambiwa arudi wiki ijayo.

Lakini kuna kitu kompyuta haikubadilisha, na hapo ndipo Kitui na Makueni zinapotufundisha.

Mlango wa kompyuta una kufuli la karatasi

Ili ufungue akaunti ya eCitizen unahitaji nambari ya kitambulisho. Ili upate kitambulisho unahitaji cheti cha kuzaliwa au hati nyingine ya kuthibitisha uzawa, vitambulisho vya wazazi, na mara nyingi barua au ushahidi wa chifu na mzee wa mtaa. Ili upate cheti cha kuzaliwa, lazima kuwe na mtu aliyeandikisha uzazi wako. Basi kesi ya pasipoti imeanza miaka 18 kabla hujaigusa kompyuta, na imeanza kwa karatasi.

Sasa itazame Kitui. Ni kaunti yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000 na watu 1,136,187 kwa hesabu ya sensa ya 2019. Kuna vijiji ambavyo kwenda na kurudi mjini ni siku nzima. Mtoto akizaliwa nyumbani kwa mkunga, asiandikishwe mapema, anakuja kuandikishwa kwa kuchelewa, na kuandikishwa kwa kuchelewa kuna masharti yake. Karani anayeandika jina hilo baada ya miaka 15 anaandika anavyosikia. Makosa yakiingia hapo, yanabebwa hadi kwenye kitambulisho, na kutoka kwenye kitambulisho yanaingia eCitizen. Kompyuta haitarekebisha kosa la mwandishi. Italitunza vizuri tu, na kulitoa kila mara utakapobonyeza.

Kwetu sisi Waislamu tatizo hili la majina ni kubwa zaidi. Mohamed, Muhammad na Mohammed kwa mtu ni jina moja, kwa kompyuta ni watu watatu. Fatma na Fatuma ni wawili. Saleh na Swaleh ni wawili. Mwenye "bin" kwenye cheti na asiye nayo kwenye kitambulisho ni wawili. Nimeona watu wazima wakizuiliwa kwa herufi moja, wakaambiwa wakaape kwa wakili na kulipa pesa, kwa sababu tu karani wa mwaka 1985 alikuwa na kalamu yake na masikio yake.

Umbali haukufutwa

Fomu unajaza nyumbani. Malipo unafanya kwa simu. Siku ya miadi unaichagua mwenyewe. Lakini picha na alama za vidole hazitumwi kwa simu. Lazima uzibebe mwenyewe hadi mbele ya mashine. Kwa miaka mingi mtu wa Kitui au Makueni alilazimika kutoka nje ya kaunti yake kwa hatua hiyo moja. Mkazi wa Mwingi alikwenda Nairobi au Embu. Mkazi wa Mtito Andei, mji ulio karibu nusu ya njia kati ya Mombasa na Nairobi, alijichagulia mji wa kwenda kulingana na nauli.

Tangu Machi 2024 pasipoti ndogo ya kurasa 34 imepanda bei kutoka shilingi 4,500 hadi 7,500. Ongeza nauli ya kwenda na kurudi, ongeza chakula, ongeza malazi ikiwa mtandao umekwama siku hiyo ukaambiwa urudi kesho. Binti wa Kibwezi anayetaka kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani hana pesa hizo. Kwa hivyo anayemlipia ni wakala. Na wakala akishamlipia, pasipoti inapotoka anaishika yeye. Hapo binti ameanza safari akiwa na deni na hana hati yake mkononi, kabla hata hajaiona Jeddah. Saudia wenyewe wana mfumo wa Musaned ambao mikataba ya wafanyakazi wa nyumbani hupitia humo, na ni mfumo wa kidijitali pia. Lakini mkataba ukiwa mtandaoni haumsaidii asiyejua nenosiri la akaunti inayobeba jina lake.

Dawa ya umbali haihitaji ugunduzi mpya. Tangu mwaka 2013 serikali imejenga vituo vya Huduma Centre, na kila kaunti ina angalau kimoja. Kipo Kitui mjini na kipo Wote kwa watu wa Makueni. Mwananchi akipata kumaliza hatua zote za pasipoti hapo hapo, vidole, picha, kukaguliwa hati na kuchukua kijitabu chake, nusu ya biashara ya mawakala itakufa yenyewe. Na penye mwendo mrefu zaidi ya hapo, mashine ya vidole inabebeka. Wanaosajili wapiga kura huifikisha hadi chini ya mti.

Saiba na mwenye akaunti

Jambo jingine niliona nilipotembea huko, na wasomaji wa Kilifi na Kwale watalitambua. Watu wengi hawajazi fomu wenyewe. Wanakwenda saiba, wanakaa kwenye benchi, kijana anawajazia. Hilo si aibu. Zamani tulikuwa na waandishi wa barua nje ya posta, na kazi yao ilikuwa ya heshima. Tatizo ni kwamba kijana wa saiba, ili amalize upesi, anafungua akaunti kwa barua pepe yake na nenosiri lake. Wakati mwingine hata nambari ya simu ni yake. Baada ya miezi miwili saiba imefungwa, kijana amehamia Athi River, na mzee wa watu hana njia ya kuingia kwenye faili lake mwenyewe.

Tafakari hapo kidogo. Tulisema uzuri wa faili ya kidijitali ni kwamba mwenyewe anaweza kuiona. Lakini mwenye akaunti ndiye mwenye kuona. Kama akaunti ni ya mtu mwingine, mwananchi amerudi pale pale pa zamani, akitegemea mtu wa kati amwambie faili iko wapi. Foleni imehama kutoka ukuta wa Nyayo House, ikakaa kwenye benchi la saiba ya Makindu.

Pale kompyuta inapokosea mtu

Barabara kuu ya kutoka Garissa kwenda Nairobi inapita Mwingi, ndani ya kaunti ya Kitui. Kwa miaka mingi abiria wa mabasi ya njia hiyo wamezoea kushushwa njiani na kuulizwa vitambulisho. Ndani ya mabasi hayo wamekuwamo Wakenya wa kuzaliwa ambao hawana cha kuonyesha, na sababu yao ni ya kidijitali.

Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991. Miaka ya ukame na njaa, familia za Wakenya wa kaskazini mashariki ziliingia kambini na kujiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula na dawa. Watoto wao wakachukuliwa alama za vidole. Mtoto huyo akifika miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho cha nchi yake, mashine inasoma vidole na kujibu: huyu ni mkimbizi. Watetezi wa haki wamekadiria kwamba waliokwama hivyo hawapungui 40,000. Mtu kama huyo hapati kitambulisho, hafungui akaunti ya simu, hasajiliwi chuo, na pasipoti hata asiiote.

Kompyuta hapo haikusema uongo. Vidole vilikuwa kweli kwenye orodha ya wakimbizi. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kusikiliza maelezo, kupima ushahidi wa wazazi na wazee, na kufuta jina pale ambapo halikustahili kuwepo. Mfumo ulijengwa na mlango wa kuingilia ukasahauliwa mlango wa kutokea.

Wala si sisi peke yetu. Uingereza, nchi yenye fedha na makarani wengi, mwaka 2018 ilipata aibu kubwa ya wale waliokwenda huko tangu 1948 kutoka visiwa vya Karibi, wanaoitwa kizazi cha Windrush. Sheria ilibadilika, kila mtu akatakiwa athibitishe kwa hati kwamba ana haki ya kukaa. Wazee waliofanya kazi huko miaka 40 hawakuwa na karatasi. Idara iliyowadai karatasi ndiyo iliyokuwa imeharibu kadi zao za kushukia melini, mwaka 2010. Watu walipoteza kazi na matibabu, na wengine walifukuzwa nchini. Kwa mtu wa kumbukumbu kama mimi hilo ni somo la kwanza: kabla hujamtaka mwananchi athibitishe, jiulize wewe mtunzaji umetunza nini.

Kupigwa msasa

Sasa nifike mahali panapotuuma sisi. Mdogo wangu wa kike ameolewa Kitui mjini. Mumewe ni Mkamba Muislamu, na ukoo wake uko pale kwa vizazi. Kijana wao alizaliwa Mombasa, akasoma Kitui, na majina yake yote mawili ni ya Kiislamu. Alipotimiza miaka 18 alikwenda katika ofisi moja ya usajili pamoja na mwenzake waliyekaa dawati moja shuleni. Hati walizobeba zilikuwa za namna moja. Mwenzake akachukuliwa vidole siku ile ile. Yeye akaambiwa angoje, akaulizwa kabila la baba, kabila la mama, na babu yake alizaliwa wapi.

Akanipigia. "Mjomba, wanataka cheti cha babu. Babu mwenyewe mimi sikumkuta."

"Wamekupa barua ya kusema hivyo?" nikamuuliza.

"Hapana. Wamenambia kwa mdomo tu, kisha wakamwita mwingine."

Jibu hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikae niandike makala haya. Kijana hakukataliwa. Kukataliwa kungeandikwa. Hakupokewa pia, kwa sababu hakuna kilichoingizwa kwenye kompyuta. Ukiifungua mashine siku ile usiku, utaona kijana mmoja aliyehudumiwa. Yule wa pili hakuwahi kufika. Takwimu zitasema ofisi imefanya kazi vizuri na hakuna maombi yaliyosubiri.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anielewe. Kesi zetu nyingi za uhamiaji na uraia huamuliwa mbele ya meza, kabla ya nambari ya kesi kutolewa. Mfumo wa kidijitali ukianza kuhesabu baada ya hapo, utaharakisha kesi za waliokwisha kubaliwa na utawaacha wengine gizani. Na giza hilo litakuwa jeusi kuliko zamani, maana sasa kila mtu anaamini kwamba kila kitu kiko kwenye kompyuta, na kama hakimo basi hakikutokea.

Februari 2025 Rais Ruto alitangaza akiwa kaskazini mashariki kwamba mchujo wa ziada wa vitambulisho kwa watu wa kaunti za mpakani umekwisha. Wengi tulishukuru, na shukrani ni haki yake. Kabla ya hapo Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa, na Julai 2023 Wapemba wakapokea hati zao Kilifi baada ya miaka mingi ya kuishi bila utambulisho. Lakini tamko la jukwaani halibadilishi mazoea ya karani mpaka liandikwe ndani ya mfumo wenyewe. Na tukumbuke kwamba kijana wangu hakuwa mpakani. Alikuwa mwana wa Kitui. Mpaka aliokutana nao ulikuwa kwenye jina lake.

Sheria inasemaje

Ibara ya 12 ya Katiba ya Kenya inasema kila raia ana haki ya kupata pasipoti ya Kenya na hati yoyote ya usajili au utambulisho ambayo dola huwapa raia. Ibara ya 47 inasema kila mtu ana haki ya kutendewa na utawala kwa haraka, kwa kufuata sheria na kwa haki, na kwamba akidhuriwa na uamuzi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 ya haki katika maamuzi ya utawala ikafafanua hayo. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data inampa mwananchi haki ya kusahihishiwa taarifa za uongo zilizotunzwa juu yake, na haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa kwa uzito.

Mahakama nazo zimesema. Januari 2020 majaji watatu, wakiamua kesi iliyoletwa na jamii ya Wanubi na wenzao juu ya Huduma Namba, walizuia kukusanywa vinasaba na mahali mtu anapoishi kwa mitambo, na wakataka mfumo usiendelee bila kanuni kamili. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akasema kutolewa kwa kadi zile kulikuwa kinyume cha sheria kwa sababu serikali haikupima kwanza madhara kwa data za watu. Maisha Namba iliyokuja baadaye nayo ilifikishwa kortini. Wanaosema kesi hizi zinachelewesha maendeleo wamesahau historia. Wazee wetu mpaka leo wanakiita kitambulisho "kipande", jina la kile cheti ambacho Mwingereza alimvika Mwafrika shingoni ndani ya kikebe cha bati, kwa sheria ya mwaka 1915, ili ajue yuko wapi na anamtumikia nani. Mtu aliyerithi jina hilo ana haki ya kuuliza kadi mpya ni ya kumhudumia au ya kumchunga.

Tusisahau pia kwamba mtandao una udhaifu wake. Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa na wadukuzi, huduma zikakwama kwa siku kadhaa, na wenye safari wakataabika. Mwaka huo huo pasipoti zilirundikana kwa maelfu bila kuchapishwa kwa sababu mitambo ilikuwa imechakaa, na wapelelezi wakaingia Nyayo House kutafuta wala rushwa. Maombi yalikuwa mtandaoni wakati wote huo. Fomu ilikuwa ya karne hii, mashine ya kuchapa ilikuwa ya juzi, na mkono wa mlungula ulikuwa wa zamani.

Tunachopaswa kudai

Ningeulizwa mfumo mzuri wa uhamiaji uweje, ningetaja mambo manne, na yote yanawezekana kwa vifaa tulivyo navyo.

La kwanza, nambari ya kesi itolewe pale mtu anapofika mezani mara ya kwanza, hata kama hati zake hazijatimia. Afike Kitui, Wote, Lamu au Voi, aandikwe kwamba alifika. Hapo ndipo tutajua ni wangapi wanaorudishwa, na wenye majina gani.

La pili, kila anayerudishwa apewe sababu kwa maandishi, kwenye simu yake, kwa Kiswahili. Ukimwambia mtu alete cheti cha babu, liandike neno hilo na kifungu cha sheria kinachokuruhusu. Nina hakika maneno mengi yanayosemwa kwa mdomo mezani yasingeandikwa.

La tatu, kila hatua iwe na muda wake, na muda ukipita faili ipande yenyewe kwa mkubwa. Kompyuta inajua kuhesabu siku bila kuchoka wala kuomba chai.

La nne, awepo mtu, ninasema mtu wala si programu, katika kila kaunti mwenye uwezo wa kusahihisha jina, kuondoa vidole vilivyoingizwa mahali pasipostahili, na kusikiliza shahidi. Chifu na wazee wanaweza kutoa ushahidi, lakini ushahidi wao uingizwe kwenye faili na mwenye kesi auone, aujibu.

Na sisi wenyewe tunayo ya kufanya leo. Kama una mtoto, linganisha herufi za jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa, cha shule na cha wazazi sasa hivi, kabla hajafika miaka 18. Ukienda saiba, tumia laini yako ya simu na barua pepe yako, na nenosiri uliandike mwenyewe mahali pako. Usingoje tiketi ya Umra itoke ndipo uombe pasipoti. Inadumu miaka 10, basi iombe usipokuwa na haraka nayo. Ukirudishwa, omba sababu kwa maandishi kwa upole, na ukinyimwa andika tarehe, saa na dirisha ulilosimama. Karatasi hiyo ndogo ndiyo watakayoanzia kazi Ombudsman, au mashirika ya haki ya hapa kwetu kama MUHURI na HAKI Africa, ukiwafikia.

Wabunge wa Ukambani na wabunge wa Pwani huketi ukumbi mmoja. Watu wa Kitui wana tatizo la umbali, sisi tuna tatizo la kutiliwa shaka, na Waislamu wa Kitui wana yote mawili. Bajeti ya uhamiaji ikija tena, wasiulize tu ni kompyuta ngapi zimenunuliwa. Waulize ni watu wangapi walifika mezani mwaka uliopita, wangapi wakarudishwa, na kwa sababu gani. Ikiwa ofisi haiwezi kujibu hilo, mfumo wake bado haujaanza kufanya kazi.